Mayai ya Mjusi wa Dakar

Kitabu cha Methali, katika sura ya 30, kinataja nyama wadogo wanne ambao udogo wao hauwazuii kuwa na akili. Wa kwanza ni chungu, wa pili pimbi, wa tatu nzige. Wa nne ni mjusi, ambaye Vulgata inamwita stellio, anayepanda kwa mikono yake na kukaa hata katika majumba ya wafalme. (Wafasiri wengine wanasoma hapo buibui.) Mwaka 1758 Linnaeus, yule Mswedi aliyewapa nyama na miti majina yao ya Kilatini, alilichukua jina hilo la stellio akampa mjusi mmoja anayeota jua juu ya mawe na kuta za Ugiriki na za Nchi Takatifu. Mjusi huyo ni wa jamaa ya agama.

Tunataka kusimulia katika kurasa hizi historia ya utafiti uliofanywa juu ya jamaa hiyo, hasa juu ya mayai yake. Msomaji atauliza: Mapadri na makatekista wana faida gani kujua habari za mayai ya mijusi? Tunajibu kwamba historia hii inagusa swali ambalo kila mchungaji wa roho amelisikia katika mashauri ya ndoa: ni nani anayesababisha mtoto awe mwanamume au mwanamke? Kwa sababu ya swali hilo wanawake wengi wamelia. Na jibu baya la swali hilo limekaa muda mrefu, si vijijini tu, bali hata katika vitabu vya wakubwa.

1. Mjusi huyu ni nani?

Jamaa ya agama ni kubwa. Wenye elimu wamehesabu ndani yake aina zaidi ya 500, katika Afrika, Asia na Australia, na chache katika pembe ya Ulaya. Ndugu yake wa karibu ni kinyonga. Tukifungua kinywa cha agama na cha kinyonga tutaona alama ya udugu wao: meno yao hayana mashimo ya kuyashika kama yetu, bali mengi yameshikamana na ukingo wa taya kana kwamba ni mfupa mmoja.

Mjusi aliyeipa jamaa nzima jina lake ni yule wa Afrika ya Magharibi, ambaye Linnaeus alimwandika katika mwaka ule ule wa 1758, na ambaye Mfaransa Daudin alimwekea ukoo wake wa Agama mwaka 1802. Dume lake, wakati wa jua, lina kichwa chekundu au cha rangi ya chungwa, na mwili wa buluu. Usiku, au likishindwa vitani, rangi hizo zinafifia. Jike ni la rangi ya udongo, na ni vigumu kuliona likitulia. Kwetu Kivu wako jamaa zao wanaokaa juu ya miti, na madume yao yana kichwa cha buluu. Watoto wote wanawajua kwa sababu ya desturi yao ya kuinua na kushusha kichwa kama mtu anayekubali maneno.

Mwaka 1964 Vernon Harris alitoa kitabu kizima juu ya maisha ya mjusi huyo wa kichwa chekundu, jinsi alivyomwona katika Nigeria. Mwaka huo huo bwana na bibi Chapman walitangaza mambo waliyoyaona katika Ghana. Walifundisha kwamba mjusi huyu anapenda kukaa karibu na watu: kuta za nyumba ni miamba yake, na uwanja uliofagiwa ni shamba lake la kuwinda chungu. Dume moja kubwa linatawala ukuta, na majike kadhaa yanakaa katika milki yake. Dume geni likifika, mwenyeji anatikisa kichwa, anainua mwili, kisha anapiga kwa mkia.

Neno moja la maisha yake tulishike vema, kwa maana habari yote inayofuata inalitegemea. Jike likitaka kutaga, linachimba shimo dogo katika udongo laini wenye maji kidogo, mahali panapopata jua. Linataga humo mayai machache, mara nyingi matano mpaka saba, linayafunika, linakwenda zake. Halirudi tena. Kuku anaatamia mayai yake na kuyapa joto la mwili wake, lakini mama mjusi haatamii. Mayai yanakunywa maji ya udongo, yanavimba, na joto lake ni lile la udongo tu. Kama ni chini ya kivuli cha mwembe, yatapata joto dogo. Kama ni kando ya ukuta unaochomwa na jua, yatapata joto kubwa.

2. Jinsi wazee walivyofundisha

Karne nyingi kabla ya hayo, Aristoteles alijiuliza kwa nini mtoto mmoja anazaliwa wa kiume na mwingine wa kike. Katika kitabu chake juu ya uzazi wa nyama alifundisha kwamba sababu ni joto. Joto la mbegu ya baba likishinda, atazaliwa mtoto wa kiume. Likishindwa, wa kike. Ndiyo maana aliona kwamba mwanamke ni kama kazi isiyofika mwisho wake. Hata upepo aliuhesabu: upepo wa kusini, ambao kwao Ugiriki ni wa majimaji, alidhani unazidisha watoto wa kike.

Wafratri wanaosoma falsafa wanajua kwamba Mtakatifu Thomas wa Aquino aliyapokea mafundisho hayo katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 92, na upepo wa kusini ameutaja hapo. Lakini wengi wanasoma nusu ya jibu lake na kuiacha nusu nyingine. Thomas anasema kwamba tukitazama nguvu ya mbegu ya mtu mmoja tu, mwanamke anaonekana kama upungufu. Tukitazama maumbile yote, mwanamke si upungufu hata kidogo: amekusudiwa, na mwenye kukusudia ni Mungu mwenyewe, Mwumba wa maumbile. Basi katika nusu ya kwanza Thomas alisema kama mwanafunzi wa elimu ya siku zake, na elimu hiyo ilikosa. Katika nusu ya pili alisema kama mwanateolojia, na neno hilo limesimama.

Elimu ya Aristoteles ilivunjwa polepole. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1905. Katika Marekani bibi mmoja, Nettie Stevens, alitazama kwa darubini mbegu za mdudu mdogo wa unga. Aliona kwamba mbegu za dume ni za namna mbili: nyingine zina kromosomu moja kubwa, nyingine badala yake zina kromosomu ndogo sana. (Kromosomu ni zile nyuzi nyembamba ndani ya chembe za mwili zinazochukua urithi wa wazazi.) Yai likipata mbegu yenye ile ndogo, linazaliwa dume. Mwaka huo huo Edmund Wilson alifika kwenye fundisho hilo hilo kwa kutazama wadudu wengine. Baadaye ilijulikana kwamba sisi watu tuko vile vile. Mama anatoa daima kromosomu inayoitwa X. Baba anatoa mara X, mara Y. Ikija X, ni binti. Ikija Y, ni mwana.

Tangu hapo wengi walidhani kwamba neno limekwisha: joto halina kazi katika jambo hili, na Aristoteles alale kwa amani.

3. Dakar, mwaka 1966

Mwaka 1966 jina la Dakar lilisikika duniani kote. Katika mwezi wa Aprili rais Léopold Sédar Senghor aliwakaribisha huko wasanii wa Afrika na wa nchi za mbali kwa sikukuu kubwa ya kwanza ya sanaa za watu weusi. Magazeti yaliandika juu ya ngoma, vinyago na mashairi.

Katika mwaka huo huo, na mji huo huo, yalitoka maandishi mengine ambayo magazeti hayakuyataja. Yalikuwa ya kurasa 3 tu, kwa lugha ya Kifaransa, katika taarifa za chama cha elimu ya viumbe. Mwandishi wake aliitwa Madeleine Charnier. Naye hakushughulika na simba wala tembo. Alichukua mayai ya mjusi wa kichwa chekundu, yule anayepanda kuta za Dakar kama anavyopanda kuta za Ibadan na za Accra.

Kazi yake inaelezwa kwa maneno machache. Aliyaweka mayai katika joto ambalo halibadiliki. Mayai mengine aliyapa digri 26 au 27. Mengine aliyapa digri 29. Kisha akatazama watoto waliomo. Katika yale ya digri 26 na 27 aliona majike, karibu yote. Katika yale ya digri 29 aliona madume.

Tufikiri kidogo juu ya namba hizo. Toka 27 mpaka 29 ni digri 2. Ni tofauti ndogo, ambayo mtu akitoka barazani na kuingia ndani ya nyumba hataisikia. Lakini kwa mtoto wa mjusi aliye ndani ya yai, ndiyo tofauti kati ya dume na jike. Basi mama mjusi akichimba shimo lake kivulini au juani, anachagua, bila kujua, watoto wake watakuwa wa namna gani. Mwenye kukata kivuli, au kujenga ukuta mpya, anaweza kuyageuza mambo hayo, naye pia bila kujua.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuandikwa kwamba katika kiumbe mwenye mifupa ya mgongo, joto la yai linaamua dume na jike. Mtu angeweza kusema kwamba Aristoteles amefufuka. Lakini sivyo, kama tutakavyoona.

4. Kimya cha miaka

Nini kilifuata? Karibu si kitu. Ulimwengu wa wenye elimu haukushtuka. Maandishi yalikuwa mafupi, mji ulikuwa mbali na vyuo vikubwa, na jambo lenyewe lilipingana na yale ambayo wote waliyashika.

Sisi watu wa seminari tunaijua habari moja inayofanana nayo. Mwaka 1865, katika mji wa Brno, mtawa mmoja wa Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, alisoma mbele ya chama cha mji wake matokeo ya kazi aliyoifanya bustanini juu ya njegere. Mwaka 1866 kazi hiyo ilichapwa katika taarifa za chama hicho. Ndani yake mlikuwamo sheria za urithi, ambazo juu yake elimu yote ya jeni imejengwa. Wachache waliisoma, na waliosoma hawakuitambua thamani yake. Mendel alichaguliwa kuwa abate mwaka 1868, alikufa mwaka 1884, na mwaka 1900 tu wataalamu watatu wa Ulaya waliziona tena sheria zake. Kati ya taarifa ya Brno na taarifa ya Dakar kuna miaka 100 kamili. Zote mbili zilisema kweli kabla ya masikio kuwa tayari.

Lakini kimya cha Dakar kilikuwa kifupi kuliko cha Brno. Katika mwaka 1971 na 1972 Mfaransa Claude Pieau alitangaza habari za kobe na kasa wa maji: kwao pia joto linaamua. Ila kwao mambo yamepinduka, kwani joto kubwa linaleta majike na joto dogo madume. Mwaka 1979 Waamerika James Bull na Richard Vogt walithibitisha habari za kasa wa maji, nao hawakutazama mayai ya chumbani tu, bali na yale ya mchangani, mahali kasa wenyewe walipotaga. Mwaka 1982 Mark Ferguson na Ted Joanen walionyesha kwamba hata mamba wa Marekani wako vile. Mwaka 1980 Bull alikuwa amekwisha kukusanya habari zote za nyama watambaao katika maandishi moja makubwa, na tangu hapo jina la Charnier linatajwa mwanzoni, kama mlango wa nyumba.

Hapo tunaona pia kwa nini Aristoteles hakufufuka. Yeye alidhani joto ni nguvu na ubaridi ni udhaifu, na kwa hiyo dume ni ushindi na jike ni kushindwa. Lakini joto lile lile linalomfanya mjusi wa Dakar awe dume linamfanya kobe awe jike. Basi joto si heshima, wala ubaridi si aibu. Ni alama tu, ambayo kila aina ya nyama inaisoma kwa namna yake.

5. Kwa nini iwe hivyo?

Swali la "namna gani" likijibiwa, linakuja swali la "kwa nini". Kama kromosomu zinatosha kwa watu na ndege, kwa nini nyama wengine waliachie joto kazi hiyo?

Mwaka 1977 Eric Charnov na James Bull walitoa wazo. Tuseme kuna mahali ambapo mtoto wa kiume atastawi zaidi, na mahali pengine ambapo wa kike atastawi zaidi, na mama hawezi kujua mapema. Basi ni faida kwamba yai lenyewe lipime mahali lilipo, ndipo liamue. Kwa mageuzi ya vizazi vingi, viumbe wenye mayai ya namna hiyo watashinda. Wazo lilikuwa zuri, lakini namna ya kulijaribu? Kasa anaishi miaka mingi sana. Mtafiti atazeeka kabla ya kuhesabu wajukuu wa kasa wake.

Jibu lilipatikana kwa agama tena, safari hii katika Australia. Wazee wa agama wa huko walifika kutoka Asia mamilioni ya miaka iliyopita, na uzao wao umekuwa aina nyingi sana. Mmoja wao, anayeitwa kwa Kilatini Amphibolurus muricatus, ana maisha mafupi. Basi inawezekana kuhesabu watoto wote anaozaa. Tena kwake joto dogo na joto kubwa yote mawili yanaleta majike, na lile la katikati linaleta madume pamoja na majike. Daniel Warner na Richard Shine waliyatia mayai mengine dawa inayozuia homoni ya kike, hata wakapata madume katika joto ambalo kwa kawaida halileti madume. Waliwatunza wote katika nyua za nje kwa miaka kadhaa, wakahesabu uzao wa kila mmoja. Mwaka 2008 walitangaza matokeo: madume yaliyotoka katika joto la kawaida la madume yalizaa watoto wengi kuliko madume yaliyolazimishwa, na majike vile vile yalizaa zaidi yakitoka katika joto lao. Wazo la mwaka 1977 likapata ushahidi wake.

Mjusi mwingine wa Australia, mwenye miiba chini ya koo kama ndevu, alileta ajabu nyingine. Huyu ana kromosomu zake kama ndege: dume ni ZZ, jike ni ZW. Lakini mwaka 2007 Alexander Quinn na wenzake wa Canberra walionyesha kwamba yai la ZZ likipata joto kupita digri 32 hivi, mtoto anaweza kuzaliwa jike, ingawa urithi wake ni wa dume. Mwaka 2015 Clare Holleley na wenzake walitangaza kwamba nyama wa namna hiyo wapo hata porini: kati ya wakubwa 131 waliowapima, 11 walikuwa majike wenye urithi wa ZZ. Nao si tasa. Wanataga mayai mengi kuliko majike ya kawaida. Na wakizaa na dume la kawaida, watoto wote ni ZZ, hakuna tena W kati yao, na kuanzia hapo joto peke yake linaamua. Katika kizazi kimoja, sheria ya kromosomu imeiachia nafasi sheria ya joto.

Hapa furaha ya elimu inachanganyika na hofu. Kama joto la dunia linazidi, nyama hawa wataona nini? Mwaka 2018 wataalamu walipima kasa wa bahari wanaotoka fukwe za kaskazini za matumbawe makubwa ya Australia. Kati ya wale wadogo, zaidi ya 99 kwa kila 100 walikuwa majike. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba mambo yote ya dunia yameshikamana. Yai la mjusi ni mfano mdogo wa fundisho hilo: tendo la mtu anayekata mti linafika hata kwa mtoto ambaye hajaanguliwa.

6. Na kwetu Kongo?

Wengine watasema: Hayo ni ya Dakar na ya Canberra. Kwetu je?

Kwetu pia mijusi imeandikwa tangu zamani. Toka mwaka 1909 mpaka 1915 Herbert Lang na James Chapin walikusanya nyama wa kaskazini ya Kongo kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya New York, na mwaka 1919 Karl Schmidt alitoa kitabu juu ya nyama watambaao waliopelekwa huko. Baadaye Wabelgiji kama Gaston de Witte, aliyezunguka Upemba na nchi za mbuga ya Albert (leo Virunga), na Raymond Laurent, waliongeza majina mengi. Tusisahau kwamba mikono iliyoikamata mijusi hiyo ilikuwa mara nyingi mikono ya wanakijiji. Walijua mjusi yupi anakaa juu ya mti gani, na saa gani anashuka. Lakini majina yao hayamo katika majalada ya vitabu.

Jambo hilo limeanza kubadilika. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, nyumba ya utafiti iliyotokana na taasisi ya mwaka 1947 inaendelea na kazi hata leo, na Chifundera Kusamba amefanya humo utafiti wa nyoka, vyura na mijusi kwa miaka mingi. Mwaka 2018 yeye na wenzake wanne wa nchi za nje walitoa maandishi juu ya wale agama wa miti wenye kichwa cha buluu. Zamani wote walihesabiwa kuwa aina moja, toka Ethiopia mpaka kusini ya Afrika. Kwa kupima urithi wao na magamba yao, ilionekana kwamba ni aina kadhaa, na mmoja wao ana jina la Kivu katika jina lake la Kilatini. Basi mjusi anayetikisa kichwa juu ya mparachichi wa misioni ana historia yake mwenyewe, na safari hii Mkongomani ni mmoja wa walioiandika.

7. Faida kwa wachungaji wa roho

Turudi sasa kwenye swali la mwanzo. Mtu mmoja alifika nyumbani kwa mapadri akitaka tumwandikie barua ya kumrudisha bibi yake kwao. Kosa lake lilikuwa nini? Amezaa mabinti watano, hakuzaa mwana. Ukoo ulikuwa umekwisha kukata neno. Mama yule alisimama nyuma, mtoto mgongoni, hakusema kitu, kwa sababu yeye mwenyewe aliamini kwamba kosa ni lake.

Siku ile tulimjibu yule bwana kwa sheria ya Kanisa: ndoa haivunjiki. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Alikwenda akiwa amefungwa na sheria, lakini moyoni aliendelea kumhukumu bibi yake. Tulikuwa tumeacha kumwambia neno ambalo darubini ya mwaka 1905 ilikwisha kulionyesha: kwa watu, tofauti inatoka katika mbegu ya baba. Wala hatusemi hivyo ili hukumu ihamie kwa bwana. Baba naye hachagui. Hakuna mwenye kosa, kwa sababu binti si kosa. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu la Mtakatifu Thomas, nayo tungeanza nayo siku ile.

Makatekista waangalie hapa wasichanganye mambo. Habari ya joto ni ya mijusi, kobe na mamba. Si ya watu. Asitokee mtu kumpa mama mjamzito shauri la kukaa juani ili azae mwana. Hilo lingekuwa kumrudisha Aristoteles kwa mlango wa nyuma.

Liko swali moja zaidi, na vijana wa shule wanaliuliza kweli. Kama joto la udongo linafanya dume na jike, na kama mageuzi ya mamilioni ya miaka yameitengeneza kanuni hiyo, je, Mungu amebaki na kazi gani? Tusiwakemee. Kijana aliyekemewa kwa swali la namna hiyo ataliuliza mahali pengine. Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua Humani generis ya mwaka 1950, hakukataza wenye elimu kuchunguza asili ya mwili wa mtu katika viumbe vya kwanza, ila alishika kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Yoane Paulo II, mwaka 1996, alikiri kwamba mageuzi yamepita cheo cha wazo la kukisia tu. Na kabla yao wote Thomas alifundisha habari za sababu za pili: Mungu si fundi mwenye wivu anayewanyima wafanyakazi wake kazi. Anavipa viumbe vyake nguvu ya kutenda kweli, hata kuleta viumbe vingine. Joto linatenda, kromosomu zinatenda, vizazi vinatenda, na yote yanapata kuwapo na kutenda kutoka kwake. Mtu akijua namna kisu kinavyokata, hajafuta mkono unaokishika.

Tunamaliza na ombi dogo kwa wafratri. Madeleine Charnier alichukua nyama ambaye kila mtoto wa Dakar alikuwa amempiga jiwe, akampa kipimo cha joto na uvumilivu, akaandika kurasa 3. Mendel alichukua njegere za bustani ya watawa. Parokia zetu zina kuta, bustani, visima, na watu wanaojua majina ya miti na nyama kwa lugha za wazee. Padri anayeishi miaka 10 katika misioni moja anaweza kuandika tarehe ya mvua za kwanza, mahali mijusi inapotaga, mti uliopotea na mdudu aliyetokea. Aweke daftari, aandike kwa usahihi, amfundishe katekista wake kuandika pia, na atie majina ya waliomwonyesha. Huenda hakuna atakayelisoma daftari hilo leo. La Brno lilingoja miaka 34.